Akta Hafangi

Kuna wazee Moiben ambao hadi leo wanaamini filamu ndizo zilizotuharibu. Ukiwapitia pale senta, wamekaa kwenye kivuli cha duka la mbolea, watakuhesabia mmoja mmoja: huyu aliacha shule kwa sababu ya video, yule alijifunza ngumi huko huko, mwingine alianza sigara kwa sababu aliona jambazi akivuta. Siwapingi sana. Banda la video la utotoni mwetu halikuwa mahali pa malezi. Ilikuwa nyumba ya mabati, madirisha yamezibwa kwa magunia, benchi za mbao, runinga moja juu ya meza na jenereta ikinguruma nyuma. Unalipa shilingi kumi, unaingia gizani, unatoka macho mekundu na mfuko mtupu.

Ila kuna kitu kwenye hoja yao ambacho wenyewe hawakioni. Kama filamu ina nguvu ya kumharibu mtu, basi nguvu hiyo hiyo inaweza kumtengeneza. Huwezi kukubali moja ukakataa nyingine.

Mwalimu wetu mle bandani alikuwa DJ Afro. Kama wewe ni Mkenya na humjui, sijui umekulia wapi. Anachukua filamu ya Kichina, ya Kihindi au ya Kimarekani, anaisimulia upya kwa Kiswahili chake, na mnaelewa kila kitu hata kama hakuna anayejua lugha ya wale waigizaji. Watanzania walikuwa na Lufufu wao, Waganda wana ma-VJ wao wanaosimulia kwa Kiganda. Kazi ni ileile. DJ Afro hatafsiri neno kwa neno. Anamchukua mpiganaji wa Hong Kong anampa shida za mtu wa Githurai: anadaiwa, ana njaa, shemeji zake ni wakorofi. Ukitoka pale unahisi yule jamaa ni jirani.

Sheria ya banda ilikuwa moja: akta hafangi. Akta ndiye yule mwema, mwenye sura ya kwanza kuonekana. Atapigwa, atatupwa mtoni, atapigwa risasi ya bega, lakini hafangi. Tuliweka hata kamari ya mandazi juu ya hilo.

Filamu iliyonikaa zaidi enzi hizo ni The 36th Chamber of Shaolin ya 1978. Kuna sehemu Gordon Liu anabeba ndoo za maji, mikono ameinyoosha pande zote mbili, na kwenye mikono amefungwa visu. Akishusha mikono, visu vinamdunga mbavuni. Sasa fikiria watoto wa Moiben wanaotumwa mtoni kila jioni kuteka maji. Siku mbili baada ya kuiona, hakuna aliyelalamika tena. Tulibeba vibuyu vya lita tano mikono imenyooka, tukahesabu hatua, tukacheka anayeangusha. Kazi ilikuwa ileile na maji yalikuwa mazito vilevile. Kilichobadilika ni jina: haikuwa adhabu tena, ilikuwa mazoezi. Na kwetu wazo hilo lilikuwa na ushahidi, kwa sababu ukiamka mapema unawakuta wanariadha barabarani upande wa Sergoit, wanakimbia njia ileile ya jana na ya juzi, bila muziki wala makofi. Filamu ilitufanya tuwaone watu tuliokuwa tumezoea kuwapisha tu.

Shida ni kwamba akta wetu wote walikuwa vijana, wanaume, na wametoka mbali. Hakuna aliyekuwa mzee. Hakuna aliyetoka Uasin Gishu.

Halafu kuna Kimani Maruge.

Hii hadithi wengi wenu mnaijua kwa juu juu, kwa hivyo acha niiweke sawa. Januari 2003 serikali mpya ya Kibaki ilifuta karo ya shule za msingi za umma, na zaidi ya watoto milioni moja waliokuwa nyumbani wakajitokeza. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 12 Januari 2004, mzee wa miaka 84 akajiandikisha darasa la kwanza katika shule ya msingi ya Kapkenduiywo, hapa hapa Eldoret. Alikuwa amepigana katika Mau Mau. Alikuwa na wajukuu wawili shuleni humo humo. Alikuja na kaptura, soksi ndefu na fimbo ya kutembelea. Mwalimu mkuu, Jane Obinchu, alimpokea. Guinness walimwandika kuwa mtu mzee zaidi duniani kuanza shule ya msingi. Mwaka 2005 wanafunzi wakamchagua kiranja mkuu, na Septemba mwaka huo akapanda ndege kwa mara ya kwanza maishani, akaenda New York kuzungumza kwenye Umoja wa Mataifa juu ya elimu ya bure.

Filamu yake, The First Grader, ilitoka 2010. Iliongozwa na Mwingereza, Justin Chadwick. Maruge ameigizwa na Oliver Litondo, Mwalimu Jane na Naomie Harris, na hata Churchill wetu yumo. Watoto wengi unaowaona darasani ni wanafunzi wa kweli, si waigizaji.

Mimi niliitazama vizuri Desemba 2021, nyumbani Moiben, na Kogo. Kogo ndivyo tunavyomwita nyanya. Filamu ni ya Kiingereza kwa sehemu kubwa, na Kogo Kiingereza chake kinaishia "good morning." Kwa hivyo nikawa DJ Afro wake. Laptop juu ya stuli, mimi kando yake, nasimulia kwa Kikalenjin, nikikwama naingiza Kiswahili. Naye si mtazamaji wa kunyamaza. Dakika kumi hazijaisha akauliza, "Hapa ni wapi?"

"Eldoret, Kogo."

"Eldoret gani? Mahindi yako wapi? Ng'ombe wako wapi? Hii vumbi yote imetoka wapi?"

Alikuwa sawa. Filamu ilipigwa kwingine katika Bonde la Ufa, na mtu aliyeishi miaka sabini kwenye ardhi ya ngano na mahindi hawezi kudanganywa na hilo. Nikamwambia watu wa filamu hufanya hivyo. Akasema, "Sawa, lakini wangeuliza."

Inabidi nieleze Kogo ni nani ndipo uelewe kilichofuata. Hakwenda shule. Kaka zake walikwenda, yeye alibaki na ndama. Maisha yake yote alitia sahihi kwa kidole gumba. Pesa zake za maziwa zilipoanza kuingia kwa simu, alihitaji mtu wa kumsomea ujumbe na kumtolea pesa, na mtu huyo lazima apewe namba ya siri. Mtu mmoja aliyekuwa akimsaidia hivyo alikuwa akimwambia imeingia elfu mbili, kumbe imeingia elfu mbili na mia sita. Hili lilienda miezi. Kogo alilijua, kwa sababu lita za maziwa alikuwa akizihesabu kichwani na hesabu yake haijawahi kumdanganya. Hakusema kitu. Angesema nini, na ushahidi uko kwenye maandishi?

Sasa, moja ya sababu alizotoa Maruge za kwenda shule ilikuwa hiyo hiyo. Alitaka kujua kuhesabu pesa, asije akapunjwa siku akilipwa chochote. Nyingine ilikuwa Biblia: alitaka kuisoma mwenyewe, kwa sababu alishuku mhubiri haifuati inavyosema. Nilipomfikishia Kogo hilo la mhubiri, alicheka hadi akafuta machozi kwa kitambaa. Nilipomfikishia la pesa, hakucheka. Aliniomba nirudishe nyuma, nirudie.

Filamu ilipoisha akauliza swali ambalo nilijua litakuja. "Na huyu mzee sasa yuko wapi?"

Bandani hakuna aliyewahi kuuliza swali kama hilo, maana akta hafangi. Lakini Maruge alikufa, tarehe 14 Agosti 2009, kwa saratani ya tumbo, kabla hata filamu haijatoka. Hilo lilikuwa rahisi kusema. Kigumu ni kilichotangulia, kwa sababu hadithi ya filamu inaishia kabla ya hema.

Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Maruge alikuwa Mkikuyu Eldoret. Sihitaji kueleza zaidi kwa msomaji Mkenya. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa nchini, mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao, na kaunti yetu ilikuwa kati ya zilizoumia zaidi. Mzee aliyehutubia Umoja wa Mataifa alipoteza mali yake, akahamia kambi ya wakimbizi wa ndani. Kambi ilikuwa kama kilomita nne kutoka shuleni, na bado alienda darasani. Katikati ya 2008 alihamia makao ya wazee Nairobi, akajiunga na darasa la sita katika shule ya msingi ya Marura, Kariobangi. Eldoret iliyompa umaarufu ndiyo iliyomtoa.

Nilimwambia Kogo yote hayo. Mimi 2008 nilikuwa darasa la tano. Ninachokumbuka ni moshi, na watu wazima kuongea kwa sauti ya chini. Nyumbani kwetu haya mambo hayazungumzwi. Si kwetu tu. Moiben unaweza kuishi miaka kumi bila kusikia mtu akisema neno "2008" mezani. Watasema "ile wakati," halafu wanaomba chai.

Kogo alikaa kimya muda mrefu. Kisha akaingia chumbani, akatoka na kikaratasi kilichokunjwa hadi mikunjo ikawa inakatika. Akasema, "Ile cherehani si yangu."

Cherehani ile nimeikuta ndani ya nyumba tangu nipate akili. Iko kona, imefunikwa gunia, juu yake kuna redio. Niliamini ni ya familia. Kumbe ilikuwa ya rafiki yake, mama Mkikuyu aliyekuwa akishona nguo sokoni. Walikuwa marafiki wa kubadilishana maziwa na viazi, wa kuzikana na kuzaliana. Januari 2008 yule mama aliondoka usiku kwenye lori na watoto wake. Cherehani haikuingia. Aliiacha kwa Kogo, akamwachia na kikaratasi: hapa ndipo utanipata.

Na Kogo hakuweza kukisoma.

Ungesema, si angempa mtu amsomee? Ampe nani, Januari 2008? Kwenda kwa jirani na kumwambia nisomee Mkikuyu wangu yuko wapi, siku ambazo watu walikuwa wakiulizwa wamemficha nani? Alikiweka kwenye pochi akingoja mambo yatulie. Mambo yakatulia, lakini ukimya ukawa umeshakuwa desturi, na kila mwaka uliopita ulifanya swali liwe zito zaidi. Miaka kumi na tatu, cherehani kona, redio juu yake.

Nilinyoosha mkono nimsomee. Akakikunja akakirudisha kwenye pochi. "Hapana," akasema. "Huyu mzee alisoma akiwa na miaka themanini na nne. Mimi sijafika."

Januari alianza gumbaru. Kwa mdogo wangu wa Nairobi asiyejua neno hilo, gumbaru ni darasa la watu wazima, na kwa miaka mingi limekuwa neno la dhihaka: ukikosea hesabu shuleni unaambiwa nenda gumbaru. Dhihaka hiyo ndiyo lango lenyewe. Utafiti wa kitaifa uliotolewa 2007 ulionyesha kwamba asilimia 38.5 ya watu wazima Kenya hawakuwa wanajua kusoma na kuandika, kama watu milioni 7.8. Madarasa yapo, ingawa walimu ni wachache na mara nyingi ni chumba cha kanisa cha kuazima. Lakini kati ya mama wa miaka sabini na hicho chumba kuna barabara ambayo majirani wote wanaiona. Atapitaje na daftari mkononi?

Hapo ndipo nadhani filamu hufanya kazi yake halisi. Filamu haikumfundisha Kogo herufi hata moja. Haikumpa sababu pia. Sababu alikuwa nazo, mia sita sita kila malipo, na kikaratasi ndani ya pochi. Ilichomfanyia ni kumwonyesha mtu mwingine akipita hiyo barabara kwanza, na kaptura, na fimbo, watoto wakimcheka, na bado akafika. Aibu yake ilikuwa ya mtu mmoja. Filamu ikaifanya iwe ya watu wawili, ikawa nyepesi.

Na tuseme ukweli upande wa pili. Maruge hakuenda shule kwa sababu ya filamu. Alienda kwa sababu serikali iliondoa karo na mwalimu mkuu mmoja akakubali kumpokea. Bila hayo mawili, angebaki mzee aliyevaa soksi ndefu nje ya geti. Msukumo bila mlango ni maumivu tu. Ndiyo maana huwa nasikia vibaya mtu akisema "itazame hii, itabadilisha maisha yako" halafu anaondoka. Kama unamwonyesha mtu filamu, mwonyeshe na darasa liko wapi.

Darasani Kogo alikuta wenzake sita. Alipotaka kukata tamaa kwenye herufi zinazofanana, nilimtafutia kwenye simu vipande vya filamu nyingine, Gogo, ya Mfaransa Pascal Plisson. Hii ni hati ya kweli, haina mwigizaji. Inamhusu Priscilla Sitienei wa Ndalat, mkunga wa Kinandi aliyeanza shule akiwa na karibu miaka tisini, akavaa sare, akakaa darasani na vitukuu vyake na watoto ambao baadhi yao aliwazalisha kwa mikono yake. Ndalat si mbali nasi. Kogo alipomwona tu alisema, "Huyu namuelewa bila wewe." Nikapoteza kazi yangu ya DJ Afro siku hiyo, na sikuumia hata kidogo. Mama Sitienei alikufa Novemba 2022, akiwa na miaka 99, bado mwanafunzi.

Kikaratasi Kogo alikisoma mwezi wa tisa. Alikisoma meza ya jikoni, kidole chini ya kila silabi, mimi nikiwa nimekatazwa kusogea. Kulikuwa na jina, neno "Ol Kalou," na nambari ya simu yenye tarakimu moja isiyoonekana vizuri. Tulijaribu zote kumi, sifuri hadi tisa. Tatu zilipokelewa na watu wasiohusika, mmoja wao akaongea na Kogo dakika tano kuhusu bei ya viazi. Nyingine hazikupatikana. Aprili iliyofuata tulienda Ol Kalou wenyewe, tukauliza makanisani na sokoni. Mshonaji mmoja alimkumbuka. Alisema alihama miaka mingi iliyopita, akamfuata binti yake, labda Thika, labda Ruiru.

Cherehani bado iko kona. Redio imeondolewa juu yake. Kogo huipaka mafuta kila mwezi, na kwenye gunia ameandika jina la mwenyewe kwa kalamu ya wino, herufi kubwa zilizoinama kama mahindi baada ya mvua. Mtu yeyote akiingia nyumbani anasoma, na akisoma anauliza. Wengine huuliza halafu wananyamaza. Wiki jana mzee mmoja kati ya wale wa duka la mbolea aliingia kunywa chai, akasoma, akakaa, akasema yeye pia ana jembe la mtu.

Sijui kama hiyo ndiyo maana ya kuishi vizuri zaidi. Najua tu ni mara ya kwanza nimesikia mzee wa kwetu akitamka jina la jirani aliyeondoka, jina kamili, mbele ya watu.

Ukiwa na laptop na mtu mmoja nyumbani ambaye hajawahi kutafsiriwa chochote, basi una banda. Huhitaji mabati wala jenereta. Kaa kando yake, simulia kwa lugha anayoiota, rudisha nyuma akikuomba. Filamu ikiisha usikimbilie kuzima. Subiri swali lake.